Maembe Makavu ya Mzee Lusweti

Lusweti wa Lurambi alipoambiwa ana ugonjwa wa kisukari, jambo la kwanza alilofanya ni kuanza kuwaponya wengine. Alikuwa ofisa wa elimu aliyestaafu, na kustaafu hakukumpunguzia hotuba. Alimwaga sukari yote ya nyumbani chooni, mkewe Ayuma akabaki kunywa chai isiyo na ladha kwa ugonjwa usio wake.

Yeye alijipatia maembe makavu, aliyotumiwa na binti yao kutoka Nairobi.

"Hili ni tunda," alimwambia mkewe akitafuna. "Mungu hakuweka sumu kwenye tunda."

Ayuma alimkumbusha lile la Edeni. Akaambiwa asichanganye dini na sayansi.

Mwezi wa nane walikwenda Kabras kuwajulia hali wazazi wa Ayuma. Baba yake, mzee Barasa, alikuwa mkulima wa miwa, na chai ya pale hutiwa sukari bila mtu kuulizwa. Lusweti alikirudisha kikombe mbele ya wageni wote.

"Mzee, hapa mnalima maradhi," alisema.

"Ndiyo yaliyomsomesha mkeo," Barasa akamjibu kwa upole.

Lusweti alihutubu mchana kutwa, mkono ukienda mfukoni na kurudi mdomoni. Akaomba maji. Akaomba tena. Akaenda choo, akarudi, akaenda, mpaka wanawake waliokuwa jikoni wakaanza kutazamana. Jioni alisema haoni vizuri. Alipojaribu kusimama miguu ililegea, akaangukia miguuni pa mama mkwe wake, ambaye kwa mila hakufaa hata kumkaribia.

Mvua ilikuwa imeharibu barabara, na chombo pekee kilichoweza kupita kilikuwa trekta la miwa. Wakamlaza juu ya mzigo, akapelekwa zahanati akiwa na tai yake shingoni.

Dorothy, muuguzi wa zamu, alimpima, akakunja uso. "Umekula nini, mzee?"

"Sijagusa sukari," Lusweti akanong'ona.

Ayuma akatoa pakiti tupu kwenye koti la mumewe. "Amegusa hii. Na ya jana."

"Embe likikauka, kinachotoka ni maji," Dorothy akaeleza. "Sukari yote inabaki. Na kwa kuwa limesinyaa, mtu anamaliza maembe mengi akidhani ameonja tu. Vipande viwili vitatu na njugu, sawa. Pakiti nzima, hapana."

"Wameandika ni ya asili."

"Hata sumu ya nyoka ni ya asili, mzee."

Alitibiwa, akapata nafuu. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani kutoa ushuhuda.

"Utafiti wangu," alianza, "umeonyesha kwamba matunda makavu yana sukari nyingi, jambo ambalo watu wasiosoma hawalijui."

Waumini waliitikia kwa heshima, wengine wakaandika. Trekta hakulitaja, wala mama mkwe.

Alipoketi, Ayuma alijifunga leso vizuri, akainuka, akamwomba mchungaji nafasi ya kuongezea kidogo.