Imondo ya Mzee Masinde

Jael aliamka na hasira siku hiyo, wala hakujisumbua kuificha. Jogoo aliyekuwa akimnyonyoa ndiye wa mwisho bomani, na alikuwa akiandaliwa mtu ambaye tangu achaguliwe hakuwahi kukanyaga uwanja wao.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tatu. Bunge la uhuru lilikuwa limetimiza miaka kumi, likatengenezewa sarafu ya fedha ya ukumbusho. Mheshimiwa mbunge alitangaza kwenye baraza mjini Kakamega kwamba wazee waliopigania kura watapelekewa sarafu hiyo nyumbani kwao, kila mmoja yake. Watu walipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Mumewe Jael, Mzee Masinde, alikuwa mmoja wa wazee hao. Enzi za mkoloni alizunguka vijijini akiwahimiza watu wadai kura, akatiwa ndani, akapasua mawe gerezani mpaka vumbi likamla mapafu. Sasa hakuweza kutoka kitandani hadi mlangoni bila kupumzika njiani. Daktari alikuwa amemwambia Jael amrudishe mzee nyumbani, akakae na watu wake. Na katika miaka hiyo yote, hakuna kiongozi hata mmoja aliyefika kumwambia asante.

"Nikiishika hiyo sarafu," Masinde alisema, "nitajua sikuumia bure."

Hilo Jael alilielewa. Kilichomchoma ni imondo. Kwao, firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Mwanamke haionji, mtoto haigusi, na kuna ndugu waliowahi kununiana hadi kaburini kwa sababu yake. Masinde alikuwa ameamua kumpa mgeni.

"Ananiletea heshima, Mama Nanjala," alimwambia mkewe. "Na mimi nimpe yangu."

"Heshima gani imengoja mpaka mtu hawezi kusimama?"

"Mpe mgeni," mzee akasema, akakohoa, mazungumzo yakaisha.

Mheshimiwa alifika saa saba, tumbo mbele, na karani wake Phineas nyuma, kamera shingoni. Majirani walijaa sebuleni. Phineas alifungua kijisanduku cha buluu, akatoa sarafu iliyochorwa jengo la Bunge na mnara wake wa saa, akaiweka kwenye kiganja cha Masinde. Mheshimiwa akamshika mzee bega, akatabasamu. Kamera ikalia.

Kisha Phineas akanyoosha mkono. "Achilia sasa, mzee."

"Si ni yangu?"

"Picha ndiyo yako, tutakuletea. Sarafu ni hii moja tu. Wazee wote wanashikanga tu, halafu tunarudisha. Saa hizi wale wa Butere na Shianda wanatungoja."

Akamfungua mzee vidole, kimoja baada ya kingine, akaipangusa sarafu kwa leso kana kwamba imeshikwa na mtu mchafu, akaifungia. Mheshimiwa alikuwa akitazama dari. Masinde alikiangalia kiganja chake kwa muda. Halafu, kwa adabu ile ile iliyomfanya Jael atake kupiga mayowe, akasema, "Mama Nanjala, leta chakula. Wageni wana njaa."

Jikoni, jirani yake Kageha alikuwa akipakua. "Imondo niweke kwenye bakuli ya mheshimiwa. Mzee alisema."

"Mzee alisema kabla hajaibiwa," Jael akajibu, akamnyang'anya mwiko.

Obusuma, ugali wa kwao, ukawekwa mezani, bakuli zikafuata. Mheshimiwa alimega tonge, akalizamisha kwenye mchuzi, akatafuta. Akatafuta tena. Alizaliwa papo hapo Kakamega. Alijua alichokuwa akikitafuta. Alipoinua macho, aliiona kwenye bakuli ya Masinde. Na majirani wote walikuwa wamekwisha kuiona.

"Mama," alisema akijichekesha, "nadhani bakuli zimechanganyikana."

"Hazijachanganyikana, Mheshimiwa. Imondo ni hii moja tu." Jael alionyesha kwa kidole bakuli ya mumewe. "Ukitaka, shika kwanza upigwe picha, halafu tumrudishie mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Masinde aliichukua imondo kwa vidole vyake vya mifupa. Jael alimjua mumewe. Alijua anaweza kabisa kuivusha meza na kuomba radhi. Wewe mzee, alisema moyoni, ukimpa huyu, mimi sitakusamehe.

Masinde akaitia mdomoni. Meno yalikuwa machache, na alitafuna taratibu, macho yake yakiwa usoni mwa mbunge. Hakumeza mpaka mheshimiwa aliposimama na kutoka bila kunawa, Phineas akimkimbilia na kisanduku chake.

Gari lilipokwisha kuondoka Jael alileta maji amnawishe.

"Ilikuwa nyepesi," mzee alisema polepole. "Ile sarafu. Nilidhani itakuwa nzito."

Jael alikiosha kile kiganja, akakiosha tena, machozi ya hasira yakidondokea kwenye beseni.