Mtu wa Kumi na Tisa wa Bilgoora

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa bukta safi.

Robo ya tatu ilikuwa inaelekea mwisho. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na katikati ya uwanja wetu wa Warrinook palikuwa kama pale kondoo wanaponywea maji. Wageni wetu wa Bilgoora walikuja na bukta nyeupe, kama wageni wote wanavyovaa, lakini kufikia saa ile nyeupe haikuwepo tena. Wote walikuwa rangi ya udongo kuanzia kiunoni hadi kwenye viatu. Isipokuwa mmoja. Alikuwa amesimama upande wa mbali, karibu na matangi ya maji, na bukta yake iling'aa kama shuka lililoanikwa.

Nikaangalia benchi lao nione nani ametoka kumpisha. Hakuna aliyekuwa ametoka.

Kazi yangu mimi ni maji. Ninabeba chupa, na mpira ukisimama ninaingia mbio, ninawapa wachezaji wanywe, ninatoka. Ni kazi inayonifaa kwa sababu haitaki maneno. Watu wa Warrinook wananifahamu tangu nizaliwe, lakini nadhani wengine hawajui sauti yangu ikoje. Hata shule ya msingi sikuimaliza. Nilikuwa mtoto wa kuugua kifua, msimu wa baridi hadi msimu wa baridi, mwisho nikabaki shambani na kaka yangu Bevan na kondoo wake. Kusoma alinifundisha yeye, kwa magazeti ya wakulima. Kuhesabu nilijifunza langoni, kondoo wakipita, tatu tatu, maana ukiwahesabu mmoja mmoja wanakuponyoka.

Basi nikawahesabu Bilgoora tatu tatu. Katika mpira wetu, huu wa kudaka kwa mikono na kupiga kwa mguu, timu ni watu kumi na wanane uwanjani, yaani tatu sita, hapo lango linafungwa. Nikafika sita na akabaki mtu. Nikaanza upya kutoka upande wa pili. Akabaki tena mtu.

Ili mjue jambo hilo lilikuwa na uzito gani, lazima niseme kuhusu Bevan. Ni nahodha wetu na ni kocha wetu pia, kwa kuwa klabu yetu haiwezi kumtafuta mwingine. Amecheza misimu kumi na saba, na katika misimu yote hiyo Warrinook haijawahi kuingia fainali. Kila mwaka timu tano za juu zinaendelea kucheza Septemba, na sisi tunakwenda kukarabati ua. Mwaka huu ilikuwa tofauti. Msimu ulikuwa umefika katikati na tulikuwa wa sita. Wa tano walikuwa hao hao Bilgoora, wametuzidi ushindi mmoja tu. Wiki nzima, dukani kwa mwokaji mikate na kwenye maghala ya ngano, hapakuwa na habari nyingine.

"Tukiwafunga Jumamosi," mjomba wetu Merv alikuwa akimwambia kila aliyesimama karibu naye, "tunakaa kwenye kiti chao kikingali cha moto."

Na asubuhi ya Jumamosi yenyewe, Bevan akipaka siagi kwenye mkate, alisema bila kuniangalia kwamba goti la kushoto limekwisha. Huu ni mwaka wake wa mwisho. Kisha akaomba chumvi.

Sasa, katika ligi yetu kuna sheria ya zamani. Nahodha akishuku kwamba wapinzani wake wamezidi, anamwomba mwamuzi awahesabu. Wachezaji wote wanapangwa mstari katikati ya uwanja. Akipatikana mtu wa ziada, alama zote za timu ile zinafutwa na wanaanza upya na sifuri. Lakini mwamuzi hahesabu mpaka aombwe, na anayeweza kuomba ni nahodha peke yake.

Bilgoora wakafunga goli, ambalo kwetu ni pointi sita, wakatuacha kwa pointi ishirini na mbili. Magari ya kwao yaliyopangwa kuzunguka uwanja yakapiga honi. Mpira ukarudishwa katikati, nami nikakimbia na chupa zangu moja kwa moja hadi kwa Bevan.

"Bev, wako kumi na tisa."

Alikuwa anakunywa. Akashusha chupa. "Nani?"

"Bilgoora. Yule wa bukta safi, kule matangini. Hakuna aliyempisha."

"Umehesabu?"

"Mara mbili."

"Tatu tatu?"

"Tatu tatu."

Hakuuliza tena. Karibu yake alikuwa Jye Kranz, yule kijana wetu mrefu wa kurukia mpira, na masikio yake ni mazuri kuliko tabia yake.

"Ita hesabu, Bev," akasema. "Mwamuzi huyo hapo. Ita sasa hivi kabla hawajashtuka."

Bevan akautazama ubao wa alama. Akatazama magari yetu yenye madirisha yaliyojaa mvuke. Mwisho akamtazama mtu wa matangini, na mimi nikamtazama pia. Alikuwa Snow Heinrich, dereva wa basi la shule la Bilgoora, mtu wa miaka arobaini na kitu. Nusu ya kikosi chao walikuwa kitandani na mafua, wakamvalisha jezi mzee wa watu awe wa akiba. Alikuwa amemwona mwenzake akichechemea kuelekea nje, akafurahi, akakimbia kuingia. Mwenzake maumivu yakamwachia, akageuka akaendelea kucheza. Sasa Snow alikuwa amesimama pale anatabasamu peke yake, akisubiri mpira umfikie.

"Ni Snow," Bevan akasema. "Hata hajagusa mpira."

"Kwani sheria inauliza kama kagusa?" Jye akasema.

"Haiulizi."

Akanirudishia chupa. Nilidhani anakwenda kwa mwamuzi. Alipita mbele ya mwamuzi kama anavyopita mbele ya nguzo, akaenda hadi kwa nahodha wa Bilgoora, Dale Schier, ambaye alianza kugombana naye tangu wakiwa watoto wa chini ya miaka kumi.

"Dale. Hebu hesabu kondoo wako."

"Hesabu wako kwanza," Dale akasema. "Ndio wanaochechemea."

Bevan hakucheka wala hakuondoka. Dale akaanza kugeuza kichwa polepole, midomo ikimcheza. Niliona alipofika mwisho. Uso ulimbadilika kama wa mtu aliyeacha geti wazi karibu na barabara kuu. Yeye pia akautazama ubao.

"Umeshamwambia mwamuzi?"

Mwamuzi alikuwa karibu kiasi cha kumtemea mate. "Bado sijamwona," Bevan akasema. "Mtoe Snow, tucheze mpira."

Snow akatoka mbio kichwa chini. Watu wa Bilgoora, ambao hawakuelewa lolote, walimpigia makofi. Lakini kwenye pikapu ya mjomba Merv kioo kilishushwa, na honi ikalia mlio mmoja mrefu ambao haukuwa wa furaha.

King'ora cha mwisho wa robo ya tatu kikalia. Hapo ndipo watu wanaposhuka magarini na kuingia uwanjani kusikiliza kocha anasema nini, wazee, wanawake na vikombe vyao vya supu, watoto, mbwa. Siku ile waliingia wengi kuliko kawaida, wakatuzunguka. Merv alipenya hadi mbele.

"Bevan, mwanangu," akasema, "nieleze polepole, maana mimi ni mzee. Yule Snow alikuwa anatafuta choo?"

Mtu akacheka, akanyamaza.

"Alikuwa mtu wa kumi na tisa, mjomba."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Ungesema neno moja, ubao ule ungesoma sifuri."

"Ungesoma."

"Na goli lile la mwisho walilotufunga wakiwa kumi na tisa, hilo tunawaachia? Zawadi?"

"Hilo tunawaachia."

Merv akavua kofia, akaikung'uta maji, akaivaa tena. Aliposema tena sauti ilikuwa ndogo. "Miaka kumi na saba, Bev."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kaka yangu na ndoo ya vipande vya machungwa. Niliona mguu wake wa kushoto unatetemeka, goti linamchezea lenyewe.

"Nataka kuingia fainali, mjomba," akasema. "Nataka kuliko ninavyotaka goti jipya. Lakini sitaki kila nikienda kununua misumari niambiwe tuliingia kwa bukta ya Snow Heinrich." Kisha akawageukia wachezaji. "Wao kumi na wanane. Sisi kumi na wanane. Tuko nyuma magoli manne kasoro kidogo. Kuna mwenye neno?"

"Mimi ninalo," Jye akasema. "Nimekasirika."

"Vizuri. Kaukasirikie mpira."

Nimewaletea maji Warrinook tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu, na sijawahi kuwaona wakicheza vile. Jye aliruka kama anataka kuteremsha kitu kilichosahauliwa juu ya paa. Kila mpira wa juu ulikuwa wake. Vijana wetu wadogo, ambao robo tatu nzima walikuwa wanaogopa kujichafua masikio, walijitupa miguuni mwa watu wazima. Tukafunga goli, na baada ya muda goli jingine. Bevan akaupata mpira pembeni kabisa, mahali ambapo mtu mwenye akili anautoa nje, akaupiga kwa mguu ule ule wa kushoto, ukajikunja na kupita katikati ya nguzo ndefu. Magari yetu yalipiga honi mpaka mbwa wakalia.

Tulibaki nyuma kwa pointi nne. Jye akaudaka mpira mbele ya goli, dakika za mwisho, akapiga, ukagonga nguzo. Mlio wake ulisikika uwanja mzima. Nguzo ni pointi moja. Wakati mpira unarudishwa, king'ora kikalia.

Tulishindwa kwa pointi tatu.

Jye alikaa chini kwenye tope na jezi usoni. Bevan akachechemea hadi kwake, akamwinua kwa kwapa, akamwambia kitu ambacho sikukisikia. Halafu Bilgoora, badala ya kukimbilia chumbani kwao kuimba wimbo wao, wakajipanga safu mbili. Sijui nani alianza. Wetu wakapita katikati yao wakitoka uwanjani, na Bilgoora wakapiga makofi, yale makofi mazito ya mikono yenye maji.

Jioni ukumbini joto lilipanda, harufu ya sosi ya nyanya na soksi. Mimi nilikuwa dirishani jikoni natoa pai. Snow Heinrich alikuja akachukua mbili, akampelekea Bevan moja.

"Nimekuletea," akasema. "Ndicho kitu pekee nilichoshika leo bila kukiangusha."

"Ulikuwa unakimbia vizuri, Snow. Wakati wa kutoka."

Snow akacheka hadi akafuta macho. Nadhani si yote ilikuwa kicheko.

Merv hakula. Alizunguka ukumbi mzima na uso wa mtu aliyeibiwa trekta, akipiga hesabu kwa sauti. Zimebaki mechi saba. Wa mkiani wawili tunacheza nao nyumbani, hao tunawafunga. Wa tatu kutoka chini tunakwenda kwao, uwanja wao mwembamba, lakini Jye akiendelea na hasira zake inawezekana. Tukishinda tano kati ya saba, na Bilgoora wakiteleza mara mbili, tumo. Na Bilgoora wenyewe tunakutana nao tena Agosti.

Mzee mmoja wa Bilgoora aliyekuwa ameegemea dirisha langu akamsikia. "Mngekuwa mmo tayari," akasema, "kama nahodha wenu asingekuwa mjinga kidogo."

Merv akasimama. Nikashika koleo la pai, sijui kwa nini.

"Mjinga, sikatai," Merv akasema. "Tangu mdogo. Lakini ni mjinga wetu. Wa kwenu mmemwacha wapi, nije nimtazame?"

Yule mzee akafikiri, akanywa bia yake, akatikisa kichwa. "Hatuna," akasema.

"Basi," Merv akasema, akachukua pai, akala.

Tulirudi nyumbani mimi na Bevan kwenye pikapu, jezi za timu nzima zikiwa nyuma kwenye gunia, za kufua. Goti lake lilikuwa limevimba, nikaendesha mimi. Mashamba yalikuwa yameanza kutoa ngano, kijani kidogo tu, kama nywele za mtoto mchanga. Tulipofika kwenye barabara ya changarawe akauliza, "Umenikasirikia?"

Nikatikisa kichwa.

"Maana wewe ndiye uliyeona. Ulikuwa ushindi wako pia, niliowapa."

Nikatikisa kichwa tena. Akaegemeza paji lake kwenye kioo, akasema kesho tuhesabu kondoo wa malisho ya kaskazini kama mvua itakatika. Nikasema sawa. Ndilo neno lililotoka.

Lakini lilikuwepo jingine, na kwa kuwa msimu bado unaendelea, na sisi bado ni wa sita, ngoja nilitoe. Bevan, siku zote natoka uwanjani mbio, kichwa chini, watu wasinitazame. Siku ile, ulipotoka kwa Dale Schier na Snow akakimbia nje, mimi nilitoka nikitembea. Nilitembea polepole, kichwa juu, chupa mikononi, mbele ya magari yote ya Warrinook na ya Bilgoora. Nilitaka kila mtu aone kwamba dada yako ni mimi.