Mkaa, Maji, Chokaa na Risasi

Mwalimu wa biolojia alirudi nyumbani saa nane mchana, chaki bado imemganda vidoleni, akamkuta mama mkwe wake ameketi mlangoni pa chumba cha kulala akichambua maharagwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mumeo ametengana."

"Na nani?"

"Na yeye mwenyewe. Ingia uone, ila angalia usipige teke beseni."

Akavua viatu, akaingia. Shati na suruali ya mumewe vilikuwa vimelala kitandani, vifungo vyote vimefungwa, ndani hamna mtu. Kando yake palikuwa na lundo la mkaa laini, chokaa ya kujaza sufuria ndogo, chumvi, unga wa kiberiti wa manjano, na chuma kisichozidi msumari mmoja. Maji yalikuwa yamejigawa katika beseni la kufulia na ndoo zilizokuwa karibu. Dirisha lilikuwa limefungwa.

"Nimelifunga mimi," mama mkwe alisema. "Sehemu yake nyingine ni hewa. Asije akapeperuka akaenda zake."

"Umefanya vema, mama."

Asubuhi hiyohiyo mwalimu alikuwa amewafundisha kidato cha pili kwamba kiumbe hai hujengwa kwa vitu visivyo hai, na kwamba ukivitandaza vyote mezani hutaona hata kimoja kinachopumua. Uhai uko katika jinsi vinavyoshikana. Kwa hiyo hakuwa na la kushangaa. Alivikagua kimoja kimoja, kama mama anayekagua nguo za mtoto aliyerudi kutoka bweni. Vyote alivijua na alivitarajia, isipokuwa kipande kimoja cha kijivu, kidogo kama yai la njiwa, ambacho alipokiinua mkono ulishuka.

Ilikuwa risasi, madini yale ya betri.

Mumewe alikuwa akiyeyusha betri kuukuu kiwandani. Kwa muda mrefu mikono yake ilikuwa ikitetemeka, tumbo likimsokota, na yeye aliyekuwa mpole kama maji mtungini amegeuka mtu wa kufoka kwa sababu ya kijiko. Mwuguzi wa kiwanda alisema ni gesi. Meneja alisema ni pombe, ingawa mtu mwenyewe hajui hata harufu yake.

"Hiyo iliingiaje?" mama mkwe akauliza.

"Kwa moshi. Ikishafika mwilini hujiita chokaa. Inabisha hodi, na mfupa unaifungulia mlango."

"Nawajua wageni wa namna hiyo. Huja na mswaki tu, kumbe wamehamia."

Mwalimu akaiweka risasi kwenye kopo dirishani, akapandisha mikono ya gauni. Alianza na mkaa, kwa kuwa kila chembe yake ina mikono minne na haipendi kukaa bure. Akautia maji kidogo kidogo, akikanda. Chokaa akaipeleka kwenye mifupa, chuma akakitia kwenye damu, na hewa akaipungia kwa taulo mpaka ikakubali kuingia.

"Chumvi usibane," mama mkwe alisema. "Mwanangu hakuwa chapwa."

Jua lilikuwa bado halijafika kabatini mumewe alipoketi, akapiga chafya na kuomba chai. Akanywa kikombe kizima na chai haikumwagika. Kisha akawaita watoto wake, kila mmoja kwa jina lake, jambo ambalo lilikuwa limemshinda tangu mwaka uliopita. Mkewe akaenda jikoni kupanga vyombo ambavyo vilikwisha kupangwa.

Habari njema haina miguu lakini hufika. Jumamosi alikuja Kijiti, jirani mwembamba aliyefanya kazi kwenye tanuri lilelile, akifuatana na mkewe aliyebeba ndoo. Baada yake wakaja wengine. Walijilaza kwa zamu, wakatengana, wakatolewa risasi, wakarudi makwao wakipiga mluzi. Mara moja tu mwalimu alichanganya maji ya Kijiti na ya mumewe. Tangu hapo Kijiti akawa anasimulia vichekesho vya mwenzake, tena kwa ufundi zaidi, na mkewe akaomba asirekebishwe.

Nyumba ikajaa vicheko. Mwalimu alikuwa akichoka, lakini jioni mumewe alimkanda miguu kwa mikono iliyotulia, na yeye akasahihisha madaftari huku anaimba.

Makopo yalipojaa dirishani, Meneja alikuja mwenyewe. Alisifu chai, akasifu watoto, kisha akanyanyua kopo moja akalipima kwa mkono.

"Mwalimu, hii risasi ni ya nani?"

"Imetoka kwa waume zetu."

"Imetoka kiwandani," Meneja alisema kwa upole. "Waliondoka nayo bila kujua. Hatuwalaumu."

"Wamekuombeni barakoa, na bomba la kutolea moshi."

"Tulikuwa na mpango huo. Lakini sasa upo wewe."

Kuanzia wiki hiyo gari la kiwanda likawa linapita kila Ijumaa kuchukua makopo. Risasi ilirudi tanurini, ikawa moshi, na moshi ukawaingia wanaume walewale, wakaja tena na ndoo zao. Mwalimu aliwaambia waache kazi ile. Walikubaliana naye kwa heshima zote, wakauliza zamu inayofuata ni ya nani.

Siku moja Meneja alifika kabla ya gari. Alikuwa amesikia kwamba mtu akitengana huamka mwepesi, na yeye mgongo ulikuwa unamsumbua. Akavua saa, akajilaza. Alipotengana, mama mkwe aliingia kuangalia.

"Kumbe na yeye ni mkaa," alisema.

Mkaa, maji, chokaa, chumvi, chuma cha msumari. Risasi haikuwamo hata chembe. Mwalimu alitafuta mpaka kwenye mikunjo ya shuka.

Mama mkwe akasogeza kopo moja karibu. "Mtie kidogo. Kiasi cha ukucha."

Mwalimu alilifungua kopo. Alijua mahali pa kuitia risasi: kando ya chokaa, kwenye uti wa mgongo, ambako ingekaa miaka bila kusema neno. Kisha akalifunika, akamkanda Meneja kama alivyowakanda wenzake, bila kumpunguzia wala kumwongezea.

Meneja aliamka, akajinyoosha, akasema kweli mgongo umepona. Alikunywa chai. Akaaga kwa adabu, na kwa kuwa alikuwa anapitia kiwandani, akayabeba makopo yote mwenyewe, mume wa mwalimu akimsaidia kuyafikisha kwenye gari lake.