Sauti Ziliishia Masikioni Mwake

Binti yangu alianza chuo kikuu mvi zimeshamtoka mbele ya kichwa. Kazi yake ni kupiga pasi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, na ndiyo maana darasani wakamwita Pasi. Darasa lenyewe lilikuwa ndani ya kompyuta. Chuo ni cha watu wazima, hakina lango wala kengele. Kila mtu anasoma akiwa kwake, na mwalimu yuko anakojua mwenyewe. Mimi niliishia shule ya msingi. Siku ya kwanza nilipomwona mwanafunzi wa chuo kikuu ameketi kwenye meza yangu ya kulia chakula, miguu kwenye beseni la maji ya moto, nilicheka mpaka akanuna.

"Mama, usinicheke. Hiki ni chuo kweli."

"Sikucheki wewe, mwanangu. Nakicheka chuo, kimekosa hata pa kukaa."

Kila Jumamosi mchana alikutana humo na kikundi chake, watu wanne pamoja naye, wakifanya kazi walizopewa na mwalimu. Mimi nilikaa pembeni kwenye mkeka nachambua mchele, nikawazoea kama majirani. Alikuwepo Mama Pacha, ambaye watoto walimpanda mgongoni hata anapojibu swali. Alikuwepo Sajenti, mlinzi wa benki, mwenye sauti ya kuamrisha gwaride, lakini akiulizwa jambo gumu mtandao wake unakatika papo hapo. Na alikuwepo Nukta, fundi redio, mkubwa wao kwa umri. Kila akitoa hoja humalizia, "Nimesema. Nukta!"

Majina yao ya kweli hawakuambiana. Walikubaliana hivyo tangu mwanzo, kwa sababu watu wazima wana aibu zao. Sajenti hakutaka wakubwa zake wajue. Binti yangu aliogopa wenzake wa kiwandani wamwite profesa. Basi chuo kikabaki na majina yao, wao kwa wao wakaitana ya utani, na hata mtu anaishi wapi hawakuulizana. Waliona raha hivyo, na mimi sikuona ubaya.

Nukta ndiye aliyejificha kupita wote. Mkewe hakujua, watoto hawakujua. Alijifungia kwenye chumba cha nyuma penye redio zake mbovu, akatia komeo, akavaa hedifoni masikioni, na nyumba nzima ikaamini yuko kazini.

"Shemeji zangu walinicheka nilipofeli ujanani," aliwaambia siku moja. "Nitawaalika kwenye mahafali bila kuwaambia ni ya nani. Wakae mstari wa mbele. Halafu wanione natokea na joho."

"Na mkeo akikununia kwa kumficha?" Mama Pacha akamuuliza.

"Ataninunia akiwa mke wa msomi. Nukta!"

Mimi alinisalimia kabla ya wengine wote. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wameshindaje huko?"

"Huko wazima, mama." Huko kwenyewe ni wapi, sikuwahi kuuliza.

Jumamosi ninayoisimulia alichelewa kuingia. Alipotokea niliona uso umelowa jasho, na anajifuta kwa kitambaa cha kufutia redio.

"Leo chakula kimenikaa vibaya kifuani," akasema.

"Punguza kijiko, mzee," Sajenti akamwambia.

"Kijiko chenyewe kimenikimbia tangu asubuhi."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia, "Baba, nenda ukapumzike, hawa watakueleza baadaye."

"Nimalize hoja hii tu, mama."

Akaianza. Ilikuwa juu ya wazee wanaoishi peke yao, nakumbuka vizuri. Katikati ya neno akanyamaza, akakunja uso kama mtu aliyesikia harufu mbaya, kisha kichwa kikashuka taratibu mpaka juu ya meza, pembeni ya kompyuta. Tukabaki tunaona utosi wake, bega moja, na rafu ya redio zilizofunuliwa matumbo.

"Huyoo!" Sajenti akasema. "Msomi amelala darasani!"

Nikaacha ungo, mchele ukamwagika. Nimemuuguza mume wangu mpaka dakika yake ya mwisho, usingizi naujua. "Huyo hajalala," nikasema. "Mwiteni."

Wakamwita. Kwanza kwa utani, halafu kwa kelele. Mama Pacha akapiga makofi, watoto wake wakadhani ni mchezo na wao wakapiga. Bega halikutikisika.

"Namba yake ya simu nani anayo?" Binti yangu akauliza.

Hakuna aliyekuwa nayo. Mambo yao yote yalipita humo humo darasani.

Sajenti akapiga simu ya dharura, tukasikia yote kwa sababu aliiweka kwa sauti.

"Mgonjwa yuko wapi?" mwanamke akauliza.

"Nyumbani kwake. Ameanguka, tunamwona kwenye kompyuta."

"Nyumbani kwake mtaa gani?"

"Hatujui."

"Mji?"

Sajenti akatutazama, kana kwamba mmoja wetu angemnong'oneza jibu. "Hatujui, dada."

"Jina la mgonjwa?"

"Nukta."

Mwanamke akaguna. "Bwana, hii simu watu wanaitegemea wakiwa kufa kupona. Si ya mchezo." Akakata.

Mama Pacha alikuwa anapiga chuoni. Kule akapokewa na sauti iliyorekodiwa, tamu kama sukari: ofisi hufunguliwa Jumatatu, ukitaka kujiunga na masomo bonyeza moja. Akabonyeza moja, akabonyeza mbili, akabonyeza kila kitu, akawekewa muziki.

Hapo ndipo tukasikia mlango wa Nukta unagongwa. Si wetu, wa kwake kule kule.

"Baba! Chakula tayari." Ilikuwa sauti ya msichana.

Moyo ukanilipuka kwa furaha. Tukapiga kelele wote kwa pamoja. Baba yako anaumwa! Fungueni! Vunjeni mlango! Sajenti alinguruma mpaka kompyuta yetu ikakwaruza.

"Baba? Umelala?"

Tukazidisha. Binti yangu alisimama, mikono kichwani, akaita mpaka sauti ikampasuka. Halafu ghafla akaketi.

"Hedifoni," akasema. "Ana hedifoni masikioni. Hakuna anayetusikia nyumba ile. Ni yeye peke yake."

Nyuma ya mlango ikaja sauti ya mwanamke, ya upole kabisa. "Mwache baba yako. Juzi na jana amekesha na hizo redio zake. Mwache apumzike."

Hatua zikaondoka. Tukazisikia zinaondoka, na sahani zinagongana huko waliko, na mtu anacheka.

Sijui kama nitaweza kulieleza. Tulikuwa karibu naye kiasi cha kuona mvi zake zilivyopinda kwa jasho. Kitu kimoja tu kilihitajika, mtu wa kuvunja komeo, na watu wenye mikono walikuwa upande wa pili wa mbao wanakula. Mama Pacha alianza kulia. Sajenti, ambaye siku zote huwa na la kusema, aligeuzia uso ukutani. Hakuna aliyethubutu kuzima, kana kwamba macho yetu ndiyo yaliyokuwa yanamshikilia.

Nikamwambia binti yangu, "Nipishe hapo." Nikakaa kwenye kiti chake. Kama hakuna anayesikia ila yeye, basi nizungumze na yeye.

"Baba, ni mimi, mama yake Pasi. Hauko peke yako. Vuta pumzi polepole. Mungu yuko humo chumbani hata kama sisi hatuwezi kuingia. Mkeo yuko karibu, atarudi. Vuta pumzi, baba."

Niliendelea hivyo, maneno yale yale. Mara nikaona kidole chake kimesogea juu ya meza. Binti yangu anasema hakikusogea. Mimi niliona.

Mlango ukagongwa tena. Mwanamke akaita, safari hii si kwa upole. Aliita jina lake, lake la kweli, lakini kwa kilio na kwa kugonga kule hatukulidaka. Kisha bega la mtu likaanza kuupiga mlango. Mara kadhaa. Mbao zikapasuka, watu wakaingia kwa kishindo, nikaona sketi, nikaona mkono unamkamata begani. Mtu akaisukuma meza ili apite. Rafu ya redio ikapinda kwenye kioo, likaonekana dari, kisha kiza. Jina la Nukta likatoweka na kisanduku chake cha picha kikafungika. Tukabaki wanne, mimi nikiwemo, tunatazamana.

Jumatatu binti yangu aliomba ruhusa kiwandani, akapiga chuoni. Safari hii alipata mtu, msichana mwenye adabu.

"Taarifa za mwanafunzi ni siri, dada."

"Sitaki taarifa zake. Nataka kujua yuko hai au hayuko."

"Nakuelewa kabisa, dada. Tuandikie barua pepe."

Akaandika. Akajibiwa kwamba ujumbe wake umepokelewa, asijibu ujumbe huu. Akaandika tena, nao ukapokelewa vile vile. Mama Pacha alitaka wapeane anwani na namba, wakapeana. Ya Nukta haikuwemo.

Jumamosi iliyofuata akaingia mwanamke mchangamfu, mpishi wa mikate, akatusalimia kwa bashasha. "Mfumo umenileta kwenu! Nimeambiwa kuna nafasi, aliyekuwepo ametolewa."

"Ametolewa au ametoka?" Sajenti akauliza.

"Mimi nitajuaje, kaka? Nimeandikiwa tu kuna nafasi."

Akaulizwa tena, akawa anaona aibu, maskini, kana kwamba ndiye aliyemtoa. Wakaendelea na hoja ya wazee wanaoishi peke yao. Hakuna aliyeimaliza vizuri.

Mimi huwaombea watu kwa mpango. Wagonjwa nawaombea wapone, marehemu nawaombea wapumzike. Jioni ile nilipiga magoti, nikapita kwa wagonjwa, nikapita kwa marehemu, nikafika kwa yule mtu nikakwama. Nikimwombea apone na tayari ameshazikwa, namsumbua. Nikimwombea apumzike naye amelala kitandani anatafuta nguvu, namzika kwa mdomo wangu.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. "Umemtaja?"

"Nimemtaja."

"Ukamwombea nini?"

"Sikumwombea kitu. Nimetaja jina, nikanyamaza."

"Jina lenyewe si lake, mama."

"Najua."

Alikwenda kuwasha pasi, ana mashuka ya majirani ya kumalizia. Nami nikashika ukingo wa kitanda, nikashuka tena magotini, nikaanza upya.