Filamu ya Waviking Nyumbani kwa Mzee Sifael

Stanley Sifael aliuza spea za pikipiki Moshi mjini, na kwa mambo mengi alikuwa mtu wa kawaida tu, isipokuwa hili la Waviking. Ukimkuta dukani mchana, hakuna mteja, simu imeegemezwa kwenye kopo la grisi, ujue anawatazama wale Wazungu wa zamani wenye ndevu zilizosukwa, wakiruka kutoka kwenye mashua zao na mashoka mkononi. Mkewe Dainess alishawachoka. "Watu hawaogi, hawachani nywele, kazi yao kuchoma nyumba za wenzao. Unaona nini humo?" Stanley alimjibu kwamba anajifunza historia.

Alikuwa anadanganya. Mapigano yenyewe aliyatazama kwa jicho moja. Alichokipenda ni ule mwanzo, kabla damu haijamwagika, pale kijana anaposimama ufukweni mwa nchi yake ya baridi, nyuma yake shamba limeshagawanywa na yeye hakupata hata tuta, mbele yake maji matupu. Hapo kila mara alirudisha nyuma akatazama tena. Kwao Rombo, juu kidogo ya Mkuu, mambo ni hayo hayo: mtoto wa kwanza hukatiwa kihamba, yaani sehemu yake katika shamba la migomba la ukoo, na wa mwisho hubaki na nyumba ya baba. Wa katikati zamani alitafutiwa shamba jipya, lakini siku hizi mlima umejaa, kwa hiyo hupewa baraka na nauli. Faustin, kaka yao mkubwa, alikuwa na kihamba chake upande wa juu. Ezra, mdogo wao, alikaa na mzee. Stanley kila Desemba alipanda na sukari, mchele na koti la mzee, akalala kwenye kochi, na asubuhi mke wa Ezra akamletea chai: "Mgeni wetu, umeamkaje?" Mgeni! Katika nyumba aliyozaliwa!

Kumwomba baba yake ardhi waziwazi hakuweza. Mtu mzima, ana duka, watoto wanasoma, aende kulialia kwa ajili ya migomba? Ndipo akapata wazo ambalo, tuseme ukweli, lilikuwa la kijinga. Alitafuta filamu moja ambayo chifu wa Waviking ana wana watatu, akaitia kwenye flashi. Mzee Sifael aione mwenyewe. Akimwona yule wa katikati anavyoteseka, ataelewa bila kuambiwa.

Siku ya pili ya Krismasi, baada ya chakula cha mchana, ukungu ulishuka hadi kwenye mibuni na hakuna aliyetaka kutoka nje. Mzee alikaa kwenye kiti chake na kikombe cha mbege, ile pombe ya ndizi. Dada yake, shangazi Theopista, alikaa karibu na runinga kwa sababu ya macho, na Ezra akakaa chini. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo mzee hakuijua, hivyo Stanley akajipa kazi ya ukalimani.

Mzee aliipenda tangu mwanzo. Aliipenda baridi yao, akapenda wanavyokunywa pombe kwa pembe. "Kumbe ni watu wenye heshima zao," alisema. Shangazi Theopista aliuliza kwa nini mke wa huyo mangi wao, yaani chifu, anatembea mabega wazi na barafu yote ile. Kisha chifu akagawa mali: shamba kwa mkubwa, nyumba kwa mdogo, mashua kwa wa katikati. Stanley alitafsiri polepole, akimtupia baba yake jicho.

"Safi sana," alisema mzee. "Huyo mangi ana akili."

"Lakini baba, huyu wa katikati si amenyimwa?"

"Amenyimwa nini? Amepewa chombo! Huyo mkubwa amebaki na mbuzi waliokonda. Ngoja uone mwenzake atakavyorudi."

Na kweli, haikupita muda kijana akawa ameteka nchi ya watu, mzee anapiga makofi. "Ni wewe huyo, Stanley! Uliondoka hapa na begi moja, leo una duka. Ningekupa migomba ungekuwa nani?"

Hapo maji yalimfika Stanley shingoni. Kwenye runinga yule kijana alikuwa amesimama juu ya ukuta alioubomoa, anapaza sauti kuhusu utukufu wake na miungu yake. Stanley akatafsiri: "Anasema, baba, nchi hii yote siitaki. Ungenipa hata migomba mitano kule nyumbani, ningeshukuru."

Shangazi Theopista akageuka. "Kwani huko kwenye barafu wana migomba?"

Ezra alianza kucheka, akaacha. Mzee aliweka kikombe chini.

"Ezra, simamisha hiyo." Yule kijana akaganda ukutani, mdomo wazi. "Stanley. Maneno hayo ni ya huyu mwenye ndevu, au ni yako?"

Angeweza kulifanya mzaha likapita. Lakini alikuwa amechoka, na hofu ilikuwa imemwishia.

"Ni yangu, baba. Nikifa leo, Dainess atanizika wapi? Na kabla sijafa, nikija nyumbani nafikia kwa nani? Kwenye kochi la Ezra. Hapa mimi ni mgeni. Roho inaniuma, baba. Inaniuma kila Desemba."

Aliyejibu kwanza ni Ezra, akitazama sakafu. "Na mimi nani aliniuliza kama nataka kubaki? Tangu mwanzo wa filamu nimeitamani ile mashua."

Mzee aliwatazama wanawe mmoja mmoja, kama aliyeletewa watoto wa jirani. "Mficha uchi hazai," alisema mwishowe. "Miaka yote unaniletea sukari, mimi najua umeshiba. Ningejuaje?" Akachukua panga nyuma ya mlango, akatoka. Wakamfuata kwenye ukungu.

Alikata mashina ya isale kwenye ua wa zizi, mmea ambao Mchaga akiuona umesimama mstari anajua hapo ni mpaka. Akapita mibuni, akafika karibu na kaburi la mama yao, akayachomeka mashina ardhini moja baada ya jingine. Stanley, ambaye kichwani alishajenga nyumba ya vyumba vitatu na kibaraza, aliona mara moja kwamba hapo kitaingia chumba kimoja na migomba michache, basi.

"Hapa ndipo nilipojiwekea mimi," mzee alisema. "Pa kulala nikifa, karibu na mama yenu. Kwingine kumeisha. Tutabanana."

Stanley alishika shina la mwisho, akalikandamiza udongoni.

"Unarudi Moshi lini?" mzee aliuliza.

"Kesho, baba."

"Kesho huendi. Kesho kuna msaragambo wa kijiji, tunafukua mtaro wa barabara, kila mwenye kihamba na jembe lake. Asiyefika analipa debe la mbege. Wasioitwa ni wageni tu." Mzee alimwangalia miguuni. "Na hivyo viatu vya mjini uvivue, unanikanyagia viazi."

Stanley aliinama kufungua kamba za viatu, mtu mzima na duka lake, akilia waziwazi.