Sifuri ya Mita

Tangu juzi kamba ya nguo ilipompiga shoti, Bibi Joviana hakuwa na raha. Kamba yenyewe ni waya tu, umefungwa kwenye kona ya bati. Alikuwa akianika blanketi bichi, mkono ukatetemeka mpaka begani.

Alimpigia simu mjukuu wake Lilian, anayesomea ufundi umeme Bukoba mjini. Asubuhi iliyofuata Lilian alishuka Nshamba na mita yake mkobani, na mkate wa bibi juu ya mita.

"Umeme unavuja kwenye bati, Bibi. Kuna waya umechubuka." Alipoona bibi anaogopa, akamweleza taratibu: volti ni msukumo wa umeme, ampea ni wingi wa umeme unaopita, omu ni ugumu wa njia. "Leo natafuta volti tu."

"Na kinachoua ni kipi kati ya hivyo?"

"Vinasaidiana."

"Waitu! Basi usiniambie zaidi."

Jirani yao Nicholaus, aliyeifungia umeme nyumba hiyo, alikuja kusimamia. Alipomwona Lilian na kandambili, alivua mabuti yake ya mpira akampa, akabaki pekupeku kwenye tope. Bibi aliliona hilo.

Lilian alizima swichi kubwa. Taa ya sebuleni ikafa. Akapanda ngazi mpaka kwenye kiboksi cha nyaya chini ya paa, akagusisha ncha nyekundu ya mita kwenye waya, na nyeusi kwenye waya mrefu aliokuwa ameufunga kwenye nondo iliyochimbiwa ardhini.

"Sifuri. Hakuna umeme." Akaitia mita mfukoni, akanyoosha vidole kuushika waya.

"Ngoja, bojo, tafadhali!" Bibi alishika ngazi kwa mikono miwili. "Hiyo mita yenyewe ni nzima?"

Nicholaus akacheka. "Mama, taa imezimika, mita imeandika sifuri. Unataka ikuandikie barua?"

"Mimi mtoto akiwa na homa, nashika kwanza paji langu mwenyewe. Mkono uliotoka kufua unadanganya. Uliotoka jikoni nao unadanganya."

Lilian akarudisha mkono. Mwalimu wao aliwaambia hivyohivyo: anza kupima mahali unapojua umeme upo. Leo aliona wingu la mvua, akaharakisha. Akashuka polepole.

Walikwenda kwa Nicholaus. Redio yake ilikuwa inaimba. Lilian akapima palepale ilipochomekwa.

Sifuri.

Hakuna aliyecheka. Lilian aliupapasa waya mwekundu wa mita mpaka akapata tatizo: ulikuwa umekatika ndani kwa ndani, kwa kukunjwa mkobani. Nicholaus akaingia chumbani, akatoka na nyaya za mita yake ya zamani ya mshale. "Chukua. Mbovu kwa sura tu." Safari hii kioo kikaandika mia mbili thelathini na moja.

Wakarudi. Bibi alitaka kumzuia asipande, akashindwa, akaishika ngazi huku midomo ikisali. Lilian alizigusisha ncha.

"Mia mbili ishirini na tisa," alisema kwa sauti ndogo. "Na swichi imezimwa."

Nicholaus alikaa chini kwenye tope. "Nimegeuza nyaya," alisema. "Swichi inakata waya wa kurudi badala ya ule unaoleta umeme. Taa inazimika, lakini umeme unabaki juu. Mama, mwaka wa tatu huu mnalala humu."

"Inuka, Nicholaus, utapata baridi," bibi akamwambia. "Umetupatia mabuti na nyaya. Sasa tafuta watu wa umeme waje wakate kwenye nguzo."

Nicholaus akapiga simu. Mvua ikaanza, naye akasimama pekupeku kando ya ngazi ili asipite mtu, mpaka watu wa umeme walipofika alasiri.

Lilian alikuwa kwa jirani, kwenye mkeka, ameshika kikombe cha chai. Bibi Joviana alikaa karibu naye. Akaweka kiganja kwenye paji lake mwenyewe, akakiacha hapo kidogo. Kisha akakihamishia kwenye paji la mjukuu wake.

"Mzima," alisema, lakini mkono hakuuondoa.