Fimbo Saba za Gofu

Seremala alikuwa akijigamba kwamba jicho la fundi halidanganyiki. Alipokwenda kutafuta fimbo za gofu za kujifunzia, muuza mitumba alimtolea saba kwa bei ya kutupa, kila moja na urefu wake. “Kumbe ndiyo maana ni rahisi, zina kasoro,” akawaza, akalipa upesi kabla muuzaji hajazinduka kwamba kasoro hiyo ni ya kumalizwa na msumeno. Karakanani akashika msumeno, akazikata zote zikalingana sawasawa.

Jumamosi, shemeji yake aliyemwalika uwanjani alifungua mfuko wa fimbo akaduwaa.

“Shemeji, fimbo hizi hupishana urefu makusudi. Ndefu za mbali, fupi za karibu.”

Seremala akajishika kichwa. “Mimi na jicho langu! Basi nitafutie ubao tu, shemeji. Miguu ya meza ninayo saba.”